Kichwa cha Namba Saba

Goti la yule Mkameruni lilimpata mwanangu juu ya sikio, na mimi nililisikia. Watu huniambia huwezi kusikia goti kutoka jukwaani, tena uwanja mzima ukiwa unaimba. Nililisikia.

Phelokazi alianguka kifudifudi. Mkono wake mmoja ulibaki umenyooka hewani, mgumu kama ubao, kama wa mtu anayesimamisha teksi. Kisha ukashuka polepole.

"Amka, Saba!" mwanamume mmoja nyuma yetu alipiga kelele. "Huyu si mtu, ni lori la taka! Anazoa kila kitu!"

Watu wakacheka. Wifi yangu Nontsasa, shangazi yake Phelokazi, alicheka nao, supu ya pakiti ikamwagikia blanketi.

"Amesimama, MaBhele," akaniambia. "Hebu niachie mkono, unaniumiza."

Kweli alikuwa amesimama. Daktari wa timu, Dokta Pillay, alimshika kiwiko akamwingiza kwenye hema jeupe pembeni mwa uwanja. Huko hupewa mtihani: unatajiwa maneno uyarudie, unasema miezi kinyumenyume, unasimama kwa mguu mmoja. Ukipita unarudi kucheza. Phelokazi alirudi anakimbia na jukwaa likalipuka. Skramu iliyofuata, pale wachezaji wa raga wanapoinama kusukumana, alikwenda kusimama upande usio wake. Kapteni wao, Babalwa, alimshika jezi mgongoni akamgeuza kama unavyomgeuza mtoto kwenye foleni ya shule, mchezo ukaendelea.

Hakuna aliyeona, au walioona walinyamaza. Mimi nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo nimeifanya tangu kabla Phelokazi hajazaliwa. Uso wa mtu anayeitazama barabara bila kuiona naujua.

Tulishinda. Fainali ingekuwa Jumamosi iliyofuata, hapo hapo mjini kwetu eMonti, dhidi ya Wakenya, na mshindi angekwenda Kombe la Dunia. Usiku ule kitongoji chetu chote cha Mdantsane kilipiga honi. Nilivuta mapazia nikalala na hasira yangu.

Jumapili wachezaji waliruhusiwa kwenda makwao hadi jioni. Kwetu, mtoto akiwa na jambo kubwa mbele yake, wazee waliotangulia huarifiwa. Pombe ilikuwa imekwisha kuiva kwenye pipa tangu Ijumaa, na shemeji yangu Mncedisi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amevaa koti lake la mazishi na harusi. Wakaingia kwenye zizi nyuma ya nyumba, yeye, Nontsasa na Phelokazi. Mimi niliyeolewa huku siingii, kwa hiyo nilisimama nje ya ua wa miti pamoja na Babalwa, aliyekuja kula nyama na hakuona haya kulisema.

Mncedisi aliwaambia wazee kwamba binti yao anakwenda kupigania nchi. Kisha akamgeukia. "Haya, mama. Wataje."

Phelokazi huwataja akina Radebe, mababu wa ukoo wa baba yake, tangu akiwa na meno ya utoto. Baba yake alimfundisha akiwa amemkalisha begani, na hata siku ya mazishi, wanaume walipokwama kwa kilio, ni yeye aliyemaliza. Huwataja kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake gizani.

"Radebe," alianza. "Bhungane. Mthimkhulu..."

"Mthimkhulu," alisema tena. "Radebe. Bhungane..." Kisha akamtaja babu wa ukoo wangu mimi, wa kina Bhele, ndani ya zizi la kina Radebe.

Nontsasa alicheka. "Jamani, yule ng'ombe wa sifa zetu, aliyemezwa na babu pamoja na pembe zake, leo kamkwama kooni! Mtoto amechoka, Mncedisi, mwache."

"Amechoka," Mncedisi alikubali, akammalizia mwenyewe.

Babalwa alikuwa amecheka pia. Nilimtazama. Aliacha kucheka, akashughulika na mfupa wake.

Nilingoja watu wahudumiwe, nikamwita Phelokazi jikoni. Babalwa alikuja nyuma yake na sahani tupu. Nilifunga mlango.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, Mama."

"Mbona umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba?"

"Ni mtindo."

"Phelo, sina mchezo. Umewasahau baba zako."

"Mama, nilipita mtihani! Dokta alinipitisha. Alinitajia yale maneno, nikarudisha ya kutosha. Unataka nini zaidi?"

"Ya kutosha ni mangapi? Wewe darasani ulikuwa unarudisha ukurasa mzima."

Aliyejibu ni Babalwa, mdomo umejaa mkate wa mvuke, kwa sauti ya kunituliza kama mtu anayemweleza mkwewe namna ya kutumia simu.

"MaBhele, usiwe na wasiwasi. Ule mtihani hatufeli. Mwanzoni mwa mwaka tukiwa wazima wanatupima, si ndiyo? Halafu ukigongwa, wanalinganisha na ulichopata ukiwa mzima. Sasa sisi kule mwanzoni tunaharibu. Unasahau maneno, unachanganya Machi na Mei, unayumba kidogo. Wakikulinganisha baadaye, unaonekana uko vilevile." Alitabasamu. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Na mimi nilifundishwa na waliotutangulia."

Nilikuwa nimeshika kisu cha mkate. Nilikiweka mezani kwa sababu nilijijua.

"Rudia," nilisema.

"Mama..." Phelokazi alianza.

"Wewe nyamaza. Babalwa, rudia. Mnafeli kwa makusudi mkiwa wazima, ili mkivunjika msijulikane?"

"Ukiweka hivyo inasikika vibaya."

"Wewe ungeiwekaje?"

Tabasamu likamtoka. "Ningeiweka hivi. Mwanaume akigongwa anapumzika, anarudi, nafasi yake inamngoja na mkataba wake unamngoja. Mimi nikikosa mechi moja, kuna msichana nyuma yangu, na nyuma yake kuna mwingine. Hakuna anayetungoja sisi. Nina miaka kumi kwenye skramu, MaBhele. Unadhani nimefikaje miaka kumi?"

"Kwa kudanganya watu wanaotaka kukusaidia."

"Kwa kucheza!"

Phelokazi alivua miwani. Jicho la kushoto lilikuwa likikimbiakimbia, linatafuta pa kutua. "Mama, ni fainali. Ni Kombe la Dunia. Baba alicheza miaka yote ile kwenye viwanja vya vumbi na hakuna aliyempa hata jezi ya kwenda nayo popote. Ukiniharibia hii, sitakusamehe. Nasema kweli."

"Usinisamehe," nilisema. "Ingia garini."

Kwenye hoteli timu ilikofikia, meneja wao, mtu mnene mwenye fulana ya wadhamini, alinipokea ukumbini kwa mikono miwili. Anaitwa Venter. Alidhani nimekuja kupigwa picha.

"Mama wa Saba! Shujaa wetu huyo!"

"Namtaka Dokta Pillay."

"Dokta yuko kwenye kikao. Kuna tatizo?"

"Mwanangu ameumia kichwa."

Alishusha sauti, akanisogeza karibu na maua ya plastiki. "Mama, amepimwa, amepita. Ni mtu mzima. Na wazazi wote wana hofu wiki ya fainali, nawaelewa sana. Nenda nyumbani upumzike, utuombee."

"Nimekwisha omba. Sasa namtaka daktari."

"Nakuomba usilete hisia hapa."

Hisia! Hapo ndipo nilipopaza sauti. Ninapokuwa na mwanafunzi anayeelekea ukutani hunisikia hata aliye mtaa wa pili, na sauti hiyo ndiyo niliyoitumia. Nilisema, nikiwa katikati ya ukumbi ule wenye mazulia, kwamba wasichana wao wanapimwa kwa rula waliyoikata wenyewe, kwamba nusu yao huenda wanacheza na ubongo uliochubuka, na kwamba kama yeye hakujua ni mjinga na kama alijua ni mshenzi, achague mwenyewe. Wachezaji walitokea kwenye ngazi na taulo shingoni. Babalwa, tuliyekuja naye, aliniita msaliti kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia niisikie.

Dokta Pillay alitoka kwenye kikao. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimgeukia Phelokazi.

"Ni kweli? Mwezi wa kwanza ulifeli kwa makusudi?"

Phelokazi alinitazama mimi, si yeye. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemzaa. "Nilipita mtihani," alisema.

"Sikukuuliza hilo."

Machozi yakamtoka, ya hasira tupu. "Sote tulifanya! Mbona ni mimi tu ninayeulizwa?"

"Nitawauliza wote," dokta alisema. Alikuwa amebadilika rangi. "Meneja, kesho nampima kila mtu upya. Safari hii nitasimama juu ya kichwa cha kila mmoja hadi nijue anajitahidi. Namba saba hachezi."

"Dokta, tuzungumze faragha..."

"Hachezi, Venter. Nenda ukaandike."

Nilimrudisha mwanangu nyumbani. Alipofika aliufunga mlango wa chumba chake hadi picha ya baba yake ikaanguka sebuleni. Niliiokota nikaitundika tena.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mtu aliandika kwa kidole kwenye vumbi la gari langu la kufundishia: MAMA WA KENYA. Wanafunzi wangu wawili walihamia kwa mwalimu mwingine. Nontsasa alikuja na mfuko wa ndizi, akakaa, akala mbili, halafu akasema alichokijia.

"Ungeweza kunyamaza hadi Jumapili, wifi. Wiki moja tu."

"Na Jumamosi akigongwa tena?"

"Na asipogongwa?"

"Nontsasa, chukua ndizi zako."

Aliniachia ndizi, akaondoka bila kuaga. Phelokazi alikula chumbani, mapazia yamefungwa, maana mwanga ulimchoma. Nilimpelekea chakula, akakipokea kama mfungwa. Kila siku niliuliza kichwa kinaendeleaje, na kila siku alisema "Kipo." Mara moja nilimsikia kupitia mlangoni akijaribu kuwataja akina Radebe kwa kunong'ona. Alifika kwa Mthimkhulu, akarudi nyuma, akapiga ukuta ngumi.

Jumamosi alitoka, akawasha televisheni, akaketi na miwani yake. Niliketi kiti cha mbali. Timu zilikuwa zikiimba nyimbo za taifa na kamera ilikuwa ikipita usoni kwa kila mchezaji. Namba saba alikuwa msichana kutoka kitongoji cha Langa, mdogo mno, anatafuna midomo. Nikamtafuta Babalwa. Wa kwanza kwenye mstari, pale anaposimama kapteni, alikuwa mtu mwingine.

"Babalwa yuko wapi?" nilisema.

Lilikuwa neno la kwanza sebuleni siku nzima, na Phelokazi alisahau kutonijibu. "Sijui. Hashiki simu tangu jana."

Mlango wa mbele uligongwa kwa teke. Alikuwa yeye, Babalwa, na suti ya timu, zipu imefungwa hadi kidevuni. Nilijua amekuja kunitukana na nilikuwa tayari. Nilikuwa na ya kwangu mengi ya kumwambia, nimeyapanga wiki nzima.

"Umefurahi?" alinifokea kabla hajaingia. "Umefurahi sasa, MaBhele?"

"Ingia ndani, majirani wanasikia."

"Wasikie! Tumepimwa upya wote. Yule dokta alisimama mbele yangu kama askari. Akaniambia, Babalwa, jitahidi, usinidanganye. Nikajitahidi. Naapa kwa mama yangu, nilijitahidi." Alikuwa akihema kana kwamba ametoka kwenye skramu. "Akanitajia yale maneno. Kidole. Peni. Blanketi..." Akasimama. Mkono wake ulikwenda mdomoni. "Nimepata chini ya ninavyopata nikidanganya."

Kwenye televisheni filimbi ililia na watu wakapiga makelele.

"Mara mbili alinipima," Babalwa alisema. Sauti ilikuwa imepungua hadi ya mtoto. "Akasema labda ni usingizi, nikarudi jana asubuhi. Vilevile. Nimekuwa nikijifanya nimesahau, miaka yote hii. Sijui ni lini niliacha kujifanya."

Phelokazi alisimama, akamwendea, akaweka paji la uso wake begani mwa yule mwanamke mkubwa, wakabaki hivyo wakiyumba. Yale yote niliyoyapanga yalikuwa bado kooni. Hasira haikunitoka, wala sasa haijanitoka. Ilikosa tu mtu chumbani mle wa kumwangukia. Walioistahili wote walikuwa uwanjani, kwenye viti vyenye vivuli, wamevaa tai.

"Dokta alikwambia uende wapi?" nilimuuliza.

"Hospitali kubwa, wanipige picha ya kichwa. Sijaenda."

"Kwa nini?"

"Nani angenipeleka? Wote wako kwenye mechi."

Nilichukua funguo. Nilizima televisheni huku msichana wa Langa akiinuka kutoka chini ya watu watatu, akijishika kisogo, akimwashiria refa kwa dole gumba kwamba yuko sawa.

"Mama, ndiyo kwanza imeanza," Phelokazi alisema.

"Nimeona. Mshike huyo upande ule, mlete garini. Na njiani nipigie Dokta Pillay, mwambie amtazame namba saba. Mwambie sasa hivi."

Alikuwa amekwisha kutoa simu.