Soksi ya Pili ya Malkia

Redio ilipotangaza kwamba Malkia amefariki, Mama hakulia. Alitazama ufumaji wake mapajani. Soksi moja ilikuwa tayari, ya pili imefika kisiginoni.

"Mungu wangu, Rhoda," alisema. "Nimemwacha mguu mmoja wazi."

Malkia alifika kisiwani kwetu mara moja tu, akiwa msichana aliyetoka kuvikwa taji. Wimbi lilimlowesha akishuka mashuani, na Mama, naye msichana, akavua soksi zake akamvisha. Tangu hapo kila mwaka jozi moja ilipanda meli kwenda ng'ambo, na kila Krismasi Malkia alikitaja kisiwa chetu redioni. Kwetu mistari ya soksi ndiyo kipimo cha mapenzi. Za Malkia zilijaa mistari hadi gotini. Mimi, siku ya harusi yangu, nilipata miwili.

Na kila mtu hapa anajua: jozi ikibaki nusu, marehemu haondoki, awe mfumaji au mvaaji.

Ukungu uliposhuka mlimani alasiri ile, nilisikia nyayo barazani. Mmoja laini, wa sufu. Mwingine mtupu, umelowa. Zikaja hadi jikoni, zikasimama nyuma yangu.

"Karibu, bibie," Mama alisema bila kushtuka. "Rhoda, imalizie. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

"Simalizii! Ana majumba, ana watumishi. Akanunue."

"Shika adabu, yuko hapa hapa."

"Na asikie! Mimi binti yako wa kunizaa, Mama, ukanipa mistari miwili!"

Mama alinigeukia. "We si ulikuwa hapa, mwanangu? Nilikupikia viazi kila siku. Yule ningempa nini kingine?"

Nilinuna siku kadhaa. Lakini nyayo zilirudi kila ukungu uliposhuka, na ule mguu mtupu ukaanza kuchechemea. Nilimwonea huruma, bibi wa watu anahangaikia soksi. Nikaketi, nikafuma, mistari yote nikaitia. Tuliiweka jozi mbele ya jiko. Asubuhi haikuwepo, na nyayo hazikuja tena.

Mama akaniita. "Lete mguu." Akaupima kwa kiganja. "Mbona umekuwa mkubwa hivi? Kama wa baba yako!"

"Mama, pumzika."

"Nyamaza wewe. Nimechelewa."

Alifuma kwa vidole vile vile vya ganzi, akafumua, akarudia, mistari ikipanda hadi gotini. Ya kwanza aliimaliza. Ya pili nilimkuta nayo mkononi, amekwisha kupoa, imefika kisiginoni.

Baada ya mazishi jirani yetu Frances aliiona juu ya kiti. "Imalizie hiyo, Rhoda, mama yako apumzike."

Nikamwambia nitaimaliza.

Sufu ipo, sindano zipo, na kufuma najua. Ukungu ukishuka nafungua mlango wa barazani, navaa soksi yangu moja, nakaa kumsubiri Mama.