Siku Tuliyokataa Kushuka Baiskeli

Kwetu ukikutana na mtu mzima njiani unashuka kwenye baiskeli, unaamkia, ndipo unapanda tena. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, nami nimewafundisha wanangu. Lakini lori si mzee wa mtu. Sisi wa barabara ya Kigwa tumelishukia miaka nenda rudi, tunajitupa majanini na magunia yetu ya michembe, viazi vikavu vya kuuza, kana kwamba limetuzaa. Mume wangu, Xavery, alichelewa kushuka. Nilimzika mwezi wa nne.

Kisha tukasikia lami inakuja. Nikaenda ofisi ya halmashauri kuutazama mchoro wa barabara. Lami ipo, mitaro ipo, hata vituo vya mabasi vimechorwa. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli haipo. Nikamuuliza diwani wetu, Wilbroad, sisi tutapita wapi.

"Mtapita pembeni kama siku zote, Mama Recheli," akasema huku anacheka. "Kwani baiskeli nayo inataka barabara yake?"

Njia hii ilikanyagwa na wapagazi wa misafara, mizigo mabegani, kabla gari lolote halijafika Tabora. Gari ndilo lililotukuta njiani.

Alhamisi Wilbroad alikuja na mhandisi kukagua barabara, ili kesho yake kamati ipitishe mchoro. Alikuwa ametuagiza tujipange kando tumpigie makofi. Tulijipanga, ila katikati: wenye ndoo kichwani mbele, sisi wa baiskeli nyuma yao. Gari lao likapiga honi nyuma yetu. Tukaanza kwenda mjini, polepole. Likapiga tena. Jirani yangu Gaudensia, mwanakwaya wa kanisa la Moraviani, akaanza kuteremka kwa mazoea.

"Kaa hapo hapo!" nikamwambia. "Huyo si baba yako."

Akacheka, akakaa.

Gari lilitufuata mwendo wa kinyonga mpaka darajani. Hapo Wilbroad akashuka, jasho linamtoka, akaja kwa miguu hadi kwenye usukani wangu. Niliweka mguu mmoja chini. Sikushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mnazuia maendeleo, mama. Hiyo njia yenu tutaiweka kwenye bajeti ijayo."

"Ichoreni leo. Mkisubiri bajeti ijayo, basi mtaisubiri nyuma yetu, kila siku, kwa mwendo huu huu."

Mhandisi naye alikuwa ameshuka. Alitandaza mchoro juu ya boneti, akatoa kalamu, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza upana wa njia yetu. Wilbroad akamkazia macho.

"Usichore kitu," akamwambia.

Mhandisi akairudisha kalamu mfukoni.

Haya. Nikapandisha mguu, nikakanyaga pedali. Wenzangu wakanifuata, wametanda barabara nzima, na mji ulikuwa bado mbali.