Mara Mbili kwenye Godoro

"Judo, judo! Hapa tuko mazoezini?" Kaka alimfokea dada yake huku akisukumiza nguo za baba begini. "Gari liko mlangoni. Kesho mzee anapasuliwa, basi!"

"Mara ya tatu, kaka."

"Hata ya kumi! Fundi cherehani umeanza lini kujua matumbo ya watu?"

Daktari alikuwa amewaambia bila kuuma maneno: ugonjwa umesambaa, kisu kitamwongezea wiki mbili tatu za maumivu. Kaka alishika hizo wiki tu. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Baba alikuwa akitazama dari. Miaka thelathini alifundisha judo katika ghala nyuma ya gereji, wanafunzi wakimwita Chuma. Chuma sasa kilikuwa ngozi na mifupa, na sauti iliisha baada ya operesheni ya pili. Akili ilikuwa timamu.

Bintiye alianza kukanyaga mkeka wa ghala lile akiwa na miaka tisa, mtundu asiyeshikika. Siku moja alimpiga mwenzake kabari. Yule akagonga mkeka mara mbili, yaani basi, niachie. Binti akachelewa kidogo tu, kwa utamu wa kushinda. Chuma akamsimamisha mbele ya wote.

"Mtu akigonga, unaachia. Huulizi, hubishi, hungoji."

Akamfukuza mwezi mzima, mtoto wake wa kumzaa. Mieleka yote aliyoshinda baadaye ameisahau. Hilo la kuachia lilimkaa. Hata mumewe alipotaka kuondoka, hakumng'ang'ania.

Lakini tangu juzi baba amekuwa akigonga godoro kila likitajwa neno hospitali, naye binti amekuwa akijifanya haoni, anakunja shuka.

"Haya mzee, tunyanyuke," Kaka alisema, akipitisha mikono kwapani mwa baba. "Usinitanie bwana, umekuwa mwepesi kama mto!"

Baba akagonga. Mara mbili.

"Umeona?"

"Anajikuna."

"Kaka, anasema basi."

"Wewe unataka afe!"

"Sitaki! Nani kakwambia nataka?"

Kaka hakuachia. Macho yake yalikuwa mekundu. Yeye alikuwa mtu wa mpira, kwenye mkeka hakuwahi kuweka hata kidole cha mguu. Mkono wa baba ulianguka tena godoroni. Mara mbili, kwa shida, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Dada mtu alibandua vidole vya kaka yake kimoja kimoja, akamlaza baba, akamfunika miguu. Kisha akatoka nje kabla moyo haujamgeuka.

"Dereva, nenda tu. Hatuendi."

"Leo, au hata kesho?"

"Hata kesho."

Gari likaondoka. Alisimama palepale mpaka likakata kona. Ndani Kaka alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na kitandani baba, akitazama dari, hakugonga tena.