Pati kwenye Madigadi

Shule zilipofungwa, mwalimu wa fizikia alivua turubai lililofunika gari la marehemu baba yake, akalizunguka mara mbili, kisha akampigia simu baba yake mdogo.

"Baba mdogo, nataka tulifufue."

"Hilo kongwe?"

"Hilo hilo."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa gereji ya nyumbani na sanduku lake la nyundo. Alikuwa fundi bodi kwa miaka arobaini, na watu walimwita Pasi, kwa sababu bati lililokunjamana likipita mikononi mwake lilitoka kama nguo iliyopigwa pasi. Mikono haikuchoka, wala mdomo. Habari za mtaa mzima zilimiminika huku wakifungua boliti zilizoshikana kwa kutu.

Wiki ya tatu walifika kwenye madigadi ya kushoto, bati linalofunika gurudumu la mbele. Mwalimu alisugua kwa msasa; rangi ya kijani ikaondoka, chini yake pakatokea kitu cha kijivu, laini kama chokaa. Pasi aligonga kwa kifundo cha kidole. Bati halikulia.

"Pati," alisema. "Nene kama kidole gumba. Badala ya kunyoosha bonde, mtu kalijaza."

Akapitisha kidole juu ya lile doa la kijivu.

"Baba yako aligonga nguzo ya geti. Mimi ndugu yake wa tumbo moja, fundi bodi, akanipita, akalipeleka gari kwa mtu baki. Na kazi yenyewe ndiyo hii! Aliona sifai." Alijaribu kucheka. "Miaka miwili sikukanyaga hapa. Wewe ulikuwa mdogo."

Mama yake mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka juu ya boneti taratibu.

"Shemeji, hakugonga yeye. Niligonga mimi."

Pasi alimtazama kama hajasikia vizuri.

"Alikuwa ananifundisha kuendesha. Siku hiyo yeye yuko kazini, nikachukua ufunguo peke yangu. Aliporudi aliniuliza kama nimeumia, basi. Nikamwomba asimwambie mtu. Hasa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ungeliona bonde, ungeuliza maswali mpaka ujue. Na ukijua wewe, shemeji, umejua mtaa mzima."

Pasi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaondoka. Chai hakuigusa.

Siku nne hakuonekana. Mwalimu aliendelea peke yake, mkono ukisugua na akili iko mbali. Alikumbuka kwenye harusi za ukoo walivyomwita baba yake Mgonga Geti, na baba mwenyewe akacheka pamoja nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwalimu alikua akiamini baba yake hajui kuendesha. Kila alipopakiwa, alikuwa anashikilia kiti kwa mikono miwili.

"Mama, kwa nini hukushika tena usukani?"

"Kila nikitaka, nasikia wanavyomcheka baba yako. Nikakosa uso."

"Si ungesema tu?"

"Mwaka wa kwanza ningeweza. Baadaye likawa zito."

Siku ya tano mama alijitanda mtandio, akatoka bila kuaga. Alirudi baada ya saa nzima, na nyuma yake Pasi, sanduku mkononi, uso haujui ukae vipi.

"Nimefikiri sana," alisema, macho kwenye gari. "Ningejua, ningesema. Siku ile ile, kabla jua halijazama. Na chumvi ningeongeza."

Mama aliangua kicheko hata akashika mlango. Pasi naye akacheka, lakini chake kilikatika mapema.

"Ila miaka miwili, shemeji. Ndugu yangu yuko hai, mimi nimenuna."

Akapiga magoti kando ya madigadi, akafungua sanduku.

Alikwangua pati yote mpaka bati likabaki tupu, na bonde lenyewe likaonekana: refu, na katikati limebonyea sana. Mama aliingiza kiganja ndani yake.

"Niliache?" Pasi aliuliza.

"Linyooshe. Limekaa vya kutosha."

Alilala chali chini ya madigadi, akaanza kugonga kutoka ndani, mapigo madogo madogo yasiyo na haraka, huku mwalimu akikaza kipande cha chuma upande wa nje. Kila alipopiga, mtikisiko ulimfika mwalimu begani. Hakuna aliyeleta habari za mtaa. Mchana ulipogeuka, Pasi aliinuka, akafumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya bati, kwenda na kurudi.

"Kaka angeniletea tu," alisema, kana kwamba anaongea na gari. "Ningemsema, halafu ningelinyoosha."

Mama alimmiminia chai. Safari hii alikunywa, akaomba kikombe kingine, na mwalimu akachukua msasa kuanza mlango wa nyuma.