Kipyenga cha Mwisho Kiko Mfukoni Mwangu

Sheria za mpira nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu nilichonunua sokoni kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwisho. Kwa hiyo mchezo unavyoanza naujua hadi nukta, lakini unavyoisha sikuwahi kusoma. Miaka yote ya urefa nilimaliza mechi kwa kukisia, na hakuna aliyelalamika isipokuwa waliofungwa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile ya tingatinga ndilo lililotuokoa. Wapo wanaodai natia chumvi. Chumvi nimetia, sikatai, lakini mchuzi ni ule ule.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, ila kampeni zilikuwa hazijafunguliwa. Diwani wetu, ambaye ujanani alikuwa mshambuliaji na tukimwita Umeme, alikuwa ameiambia halmashauri kwamba uwanja wetu wa mpira ni kichaka tu, hautumiki, na ungefaa kujengwa kituo cha mafuta. Wakaguzi wa halmashauri walikuwa waje Jumatatu kujionea. Umeme si mjinga. Akaagiza tingatinga lije Jumamosi kuuchimbua, ili wakifika wakute mashimo na vifusi.

Aliyekosa usingizi kwa habari hiyo ni binti yangu, Mama Pacha. Ni msusi, saluni yake iko nyuma ya goli la juu, na jioni akishafunga huwafundisha wasichana mpira hapo hapo uwanjani. Yeye mwenyewe ni golikipa. Alikuwa ametangaza kwamba atagombea udiwani dhidi ya Umeme. Watu walicheka, mpaka walipoona saluni inajaa wanaume wenye vipara waliokuja kusikiliza sera.

Ijumaa alikuja kwangu, mikono bado inanukia mafuta ya nywele.

"Baba, kesho tukisimama pale na mabango, mkuu wa kituo cha polisi atatutawanya. Ataita kampeni kabla ya wakati, na mimi nitaenguliwa."

"Basi msisimame. Kimbieni."

"Sina utani leo, baba."

"Hata mimi sina. Watu wanaokimbiza mpira hakuna anayewaita mkutano."

Nikaona shavu moja linaanza kucheka. Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Mzee, magoti yako yanalia kama mlango wa stoo. Utamkimbiza nani?"

"Refa hakimbii, mama watoto. Refa anawakimbiza wenzake."

Nikaenda kituoni kuomba ruhusa. Mkuu wa kituo ni mtu wa haki, ila hapendi kusumbuliwa.

"Mechi ya kirafiki, afande. Mafundi cherehani na mafundi gereji."

"Mabango?"

"Hakuna."

"Hotuba?"

"Kwenye mpira? Labda matusi kidogo."

"Haya, chezeni. Lakini kipyenga cha mwisho kikilia, kila mtu kwake. Sitaki kuona hata watu watatu wamesimama pamoja."

"Kikilia, afande," nikasema, na nikaondoka kabla hajalifikiria neno lenyewe.

Jumamosi uwanja ulifurika kuliko fainali zote nilizowahi kuchezesha. Walikuja wenye timu na wasio na timu, wajawazito, wenye magongo, hata jirani yangu ambaye tangu nimjue husema mpira ni upuuzi. Hakuna aliyeshika bango, lakini kila mtu alijua kwa nini yupo. Nilipopuliza mechi ianze, zilipanda kelele zilizoinua vumbi, na vumbi lile halikushuka mpaka wiki iliyofuata.

Tingatinga liliingia kupitia kwenye kona, mpira ukiwa unachezwa. Nikapuliza kipyenga kwa nguvu ambayo sijui niliitoa wapi. Kuku walilala chali, na fundi gereji mmoja anaapa kwamba kioo cha lori la mteja wake kilipata ufa. Nikatembea hadi mbele ya lile dude, nikalionyesha kadi ya njano.

Dereva akatoa kichwa. "Mzee, hiyo ya nini?"

"Umeingia uwanjani bila idhini ya refa. Ukirudia ni nyekundu."

"Mimi nimetumwa."

"Hata beki anayevunja watu miguu huwa katumwa na kocha."

Dereva akamgeukia mkuu wa kituo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Mkuu akajikuna kidevu.

"Niliwapa ruhusa mpaka mechi iishe," akasema. "Mechi imeisha?"

"Bado," uwanja mzima ukajibu.

"Basi zima mashine."

Dereva akazima. Kisha akapanda juu ya paa la tingatinga, akakunja miguu. Ndicho kilichokuwa kiti kizuri kuliko vyote siku ile, na hakulipa kiingilio.

Tukacheza, ndugu zangu. Dakika za nyongeza niliziongeza kwa kila kitu: mtu kafunga kamba za viatu, mbwa kapita, wingu limeziba jua. Aliyechoka alitoka na mwingine akaingia. Aliingia muuza mitumba, akaingia mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akipiga pasi huku anatuelezea pembe zake. Mama watoto wangu naye aliingia na malapa yake, akafunga goli la kuotea kabisa, na mimi nikalikubali kwa sababu jioni nilitaka kula. Mpira mmoja aliupiga fundi cherehani ukapaa sana, tukapata muda wa kunywa maji kabla haujarudi, na uliporudi ulikuwa umelowa umande.

Lakini jua halina dakika za nyongeza. Lilipoanza kulala juu ya mabati ya saluni, wachezaji walikuwa wanatembea, na mkuu wa kituo alikuwa anaitazama saa yake mara kwa mara. Mama Pacha akaniita golini.

"Baba, giza likiingia mechi imeisha, upulize usipulize. Halafu lile dude linawashwa."

Nilijifanya nafuta kipyenga kwa shati.

Ndipo gari la diwani lilipoegeshwa kando ya mstari. Umeme akashuka na suti yake na viatu vinavyong'aa, msaidizi wake akimfuata na simu mbili. Akaja moja kwa moja mpaka katikati.

"Refa, maliza mchezo."

"Mchezo haujaisha, mheshimiwa."

"Wewe mzee hujabadilika. Fainali ulininyima penalti yangu pale pale, na leo unataka kuninyima uwanja wenyewe."

Kisa hicho kila mmoja anakijua. Umeme alianguka kwenye boksi, mimi nikasema endeleeni. Tangu hapo amelalamika kwenye harusi, misibani na kwenye vikao vya bajeti. Alijirusha, nasema mpaka leo. Lakini nilipomtazama usoni niliona siyo diwani aliyekuwa akilalamika. Alikuwa ni yule kijana, bado kalala kwenye nyasi ananyoosha mkono.

"Umeme," nikasema, "penalti yako ipo. Njoo uipige."

Sikusema nilikosea, kwa sababu sikukosea. Nilisema ipo.

"Mheshimiwa, tuondoke," msaidizi akanong'ona.

Umeme hakumsikia. Alikuwa anautazama mpira niliokwisha kuuweka kwenye doa la penalti. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifungo cha koti. Koti likamwangukia msaidizi, vikafuata viatu na soksi. Watu wakaanza kupiga makofi taratibu, halafu kwa kasi, na simu zote zikanyooshwa juu. Golini, Mama Pacha alitema mate viganjani akachuchumaa.

Nikapuliza. Umeme alikimbia kwa tumbo lile lote, na naapa dunia iliyumba kidogo. Akapiga chini, pembeni. Mama Pacha aliruka upande ule ule, mpira ukampita kwenye ncha za vidole, ukaingia.

Diwani wetu alichanganyikiwa kwa furaha. Alizunguka uwanja mikono ameitanua kama ndege, akateleza kwa magoti na suruali ya suti, akaubusu mwamba wa goli. Hata sisi wapinzani wake tulikuwa tunarukaruka, goli ni goli. Kisha akasimama mbele ya zile simu, anahema.

"Mmeona? Uwanja huu unanijua. Goti hili lilichanika hapa. Hakuna Jumamosi inayopita watu wasicheze hapa, na mimi nikipita lazima nisimamishe gari niangalie kidogo."

Dereva wa tingatinga akainama kutoka juu ya paa.

"Kwa hiyo, mheshimiwa, hiki si kichaka?"

Umeme akabaki kaachama mdomo, mikono bado imetanuka. Alitazama simu moja, akatazama ya pili, akaona ziko nyingi kama nywele. Hakuna aliyemzomea. Tulimwachia tu kimya chake akitafune.

Dereva akashuka, akawasha mashine, akairudisha kinyumenyume mpaka barabarani. "Mimi nimeagizwa kichaka," akasema. "Hapa sikioni."

Kufikia Jumatatu wakaguzi walikuwa wameshaiona penalti kwenye simu zao. Walipofika walitukuta tunacheza, na mmoja wao aliingia dakika chache akavua tai.

Sasa kampeni zimefunguliwa, mabango ruksa, na Mama Pacha haonekani nyumbani. Juzi nilimpata anakunywa chai akiwa amesimama.

"Mwanangu, ile penalti uliiachia?"

"Na wewe baba, kwenye fainali alichezewa rafu?"

Tukatazamana. Akaweka kikombe, akachukua kipaza sauti chake, akatoka. Nje kundi lilikuwa tayari linamwita kwa nyimbo.

Mkuu wa kituo kila akipita huniuliza kama mechi imeisha. Namwambia ni mapumziko tu, afande. Kipyenga kiko hapa mfukoni. Nitakipuliza wakishamaliza kuhesabu kura, na siku hiyo fungeni kuku wenu ndani.