Mikono ya Mama Mkwe

Siku Malkia alipovishwa taji kule Ulaya, serikali ilitupa mapumziko Tanganyika nzima ili tufurahi. Nami nilikwenda kufurahi. Tangu mwaka ule wa hamsini na tatu, nikisikia kesho ni sikukuu najifungia ndani, na wanaonicheka nawaacha wacheke.

Lori lilikuwa la kahawa. Siku za kawaida lilibeba magunia kutoka kwetu Buganguzi kwenda Bukoba, na dereva wake, Zahoro, kijana wa mjini asiyevua kofia yake ya kiua, hakuondoka mpaka kila gunia limekazwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Siku ile alibeba watu, na watu hawafungwi kamba. Tulikaa, tulisimama, tulining'inia, tukaimba nyimbo za kanisani. Kila tulipopita Zahoro alisimama akaongeza wengine, kisha akakanyaga mafuta, maana alitaka kutushusha mapema arudi kuchukua kundi jingine kabla ya gwaride.

Mume wangu, Rugaibula, alikuwa ametupatia mahali pazuri kuliko pote: mbele kabisa, migongo yetu imeegemea kibanda cha dereva. Hatukuwa tumemaliza mwaka tangu harusi. Mkono wake ulikuwa begani mwangu mbele za watu, jambo ambalo nyumbani asingethubutu.

Tulipofika Muleba nikamwona mama yangu, Anatolia, amesimama kando ya barabara na mwavuli wake. Alikuwa ameapa kwamba haendi kokote. Mama yangu huapa hivyo kwa kila safari, halafu ndiye anayetangulia kufika.

Kwetu Wahaya mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawagusani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Ulutheri wetu haukuligusa hilo. Hata mwinjilisti wetu humkimbia mama mkwe wake mbio za kuchekesha. Mama hakuwa amewahi kuuona uso wa Rugaibula. Lakini ndani ya lori utamkimbilia wapi?

Rugaibula alikimbilia nyuma. Alipouona tu ule mwavuli aliondoa mkono begani mwangu, akajipenyeza mpaka mwisho wa lori, akapanda juu ya ubao wa nyuma na kukaa ameelekea barabarani, miguu inaning'inia nje. Mama akapandishwa, kanga imemfunika mpaka puani, akaketi pale pale alipotoka mkwewe. Lori zima likashangilia.

"Huyo kalelewa!" alisema jirani yetu, mzee Karugendo. Nilijisikia fahari hata nikasahau kwamba nimeachwa peke yangu.

Tulipoanza kuteremka Kitendaguro tuliona mji na ziwa kule chini, na upepo ukatuletea sauti ya bendi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo Zahoro alipoanza kupiga honi. Aliipiga bila kuiachia, na mbele yetu hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nikageuka kuchungulia kwenye kidirisha cha nyuma ya kiti chake. Mguu wake ulikuwa unapiga breki, unapiga, unapiga, na lori linazidi kwenda.

Nyimbo zilikatika. Kulia kwetu palikuwa na korongo, kushoto ukingo wa udongo, na Zahoro akachagua ukingo. Pua ya lori ikachimba udongo ikakwama, lakini sehemu ya nyuma ilizunguka kwa nguvu zote na kujipigiza kwenye mwamba.

Sisi wa mbele tuliangukiana. Mkono wangu wa kulia ulivunjika chini ya magoti ya mtu, nikausikia. Mama alisimama bila hata mkwaruzo, kanga yake bado kichwani. Nikatazama nyuma ya lori. Watu wa nyuma hawakuwapo.

Nilimkuta Rugaibula barabarani, chali. Ndoana ya mnyororo wa ule ubao ilikuwa imempasua paja upande wa ndani, juu karibu na kinena, na damu ilikuwa inaruka. Nilibandika kiganja changu cha kushoto pale, nikakandamiza. Ikapita katikati ya vidole vyangu. Wanaume waliokuwa wazima walikuwa upande wa pili wakimnasua Zahoro na wengine waliobanwa. Niliita, hakuna aliyegeuka.

Mama alikuwa hatua chache nyuma yangu. Alikuwa ametugeuzia mgongo.

"Mae! Njoo umshike!"

"Siwezi, mwanangu. Nakusihi, waitu, unajua siwezi."

"Anakufa!"

"Anatolia, usithubutu!" Karugendo alipiga kelele. Alikuwa ameketi ukingoni, kichwa kimepasuka, damu imemziba macho. "Ukimgusa mkweo mikono itakutetemeka mpaka kaburini!"

Midomo ya Rugaibula ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na woga ule ukanifanya mkali.

"Basi jifunike!" nilimwambia mama yangu, kwa sauti ambayo binti hamtolei mama yake. "Jifunike uso wote, usione kitu! Mimi nitakuwa macho yako!"

Aliishusha kanga mpaka kifuani. Akaja kwa magoti, anapapasa vumbi, na mikono yake ilikuwa inatetemeka hata kabla ya kugusa chochote. Nikaishika mmoja mmoja nikaiweka pale.

"Kandamiza. Kwa uzito wako wote, Mae."

Alilia kama mtu aliyeshika moto. Lakini alikandamiza, na damu ikaacha kuruka.

Magari yote ya karibu yalikuwa yamekwenda uwanjani. Wanaume wa Kitendaguro walitoka migombani, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba Rugaibula kwa machela. Mama alitembea pembeni ameinama, uso ndani ya kanga, mikono pajani mwa mkwewe, nami mbele yake nikimwongoza. Jiwe hapo, Mae. Shimo. Kaza, inatoka. Kaza! Bendi ilikuwa inapiga kule chini, nami nikaichukia kila ngoma yake. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama kama kifua cha mume wangu bado kinapanda.

Hospitali ilikuwa kimya, wengi wamekwenda kwenye sherehe. Mtu alikimbizwa kumwita daktari uwanjani. Aliyetupokea ni Yunus, mfunga vidonda, naye akaleta mpira wa kufungia mguu ili kuzuia damu.

"Mama, nikihesabu tatu, achia."

Mama hakuachia.

"Mama, achia!"

"Namsikia binti yangu tu," ilisema kanga.

Yunus akanitazama. Nami neno lile sikuweza kulitoa. Nilijua likishatoka mdomoni mwangu, na mpira ule ukateleza, mimi ndiye nitakuwa nimemuua mume wangu. Nilitazama vidole vya mama yangu vilivyozama kwenye nyama. Nilitamani abaki hivyo hivyo, siku zote, sote wanne ndani ya chumba kile.

"Achia, Mae," nilisema.

Rugaibula aliishi. Mguu ulikatwa, naye hutembea kwa magongo. Wanne wa ubao wa nyuma walizikwa juma lile. Sisi wa mbele tulifungwa bandeji tukarudi nyumbani.

Mikono ya mama haikuacha kutetemeka. Karugendo husema alituonya. Mimi nadhani ni woga ulioingia siku ile na kukataa kutoka, lakini sibishani naye.

Tukienda kumsalimia, kila kitu hufanyika kama zamani. Rugaibula huketi sebuleni, mama huketi chumbani nyuma ya ukuta wa matete, na salamu hupitia kwangu. Uso wa mkwewe mama hajauona mpaka leo. Mimi humpelekea mama chai, na sote tunasikia kikombe kikigongagonga kwenye sahani, muda mrefu, kabla hajaweza kukifikisha mdomoni.  Rugaibula huweka kiganja chake juu ya paja lile lililobaki nusu, akalikandamiza, mpaka kikombe kinyamaze.