Golikipa wa Kambu na Jibini ya Pilipili

Jumamosi ya fainali, saa mbili asubuhi, Nthenya aliondoa jiwe juu ya kitambaa akaikagua jibini yake. Ilikuwa imeshikana vizuri. Maziwa ya mbuzi aliyanunua kwa Hani, mwenye duka la maziwa karibu na stendi ya Kambu. Alikuwa ameyachemsha, akayakamulia ndimu, akayachuja na kuyakandamiza. Sasa aliikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akavichovya kwenye yai, akavigaragaza katika unga uliochanganywa na chumvi na pilipili kichaa ya kusaga. Watu wa Kambu waliviita chizi, na walivila siku za mechi tu.

Saa nane alikuwa ameketi kando ya uwanja, karai likiwa juu ya jiko la makaa. Vipande vya kwanza vilipoanza kuwa vyekundu, mumewe Mbaluka alitokea upande wa barabara kuu, amevaa jezi ya kijani na glavu. Alikuwa amekufa mwezi wa tatu, alipogongwa na lori alfajiri akienda kazini kwa baiskeli. Tangu mechi ya kwanza ya msimu, kila harufu ya mafuta ilipopanda, alikuja. Timu haikuwa imepata golikipa mwingine, kwa hivyo akarudishiwa nafasi yake.

"Umekula?" Nthenya aliuliza.

"Huko hakuna pilipili."

Alimfungia vipande vitano kwenye gazeti. Mbaluka alikula akiwa amesimama, jasho likimtoka puani kama zamani.

"Mbithe ameanza kusoma?"

"Anasoma. Juzi binti yako alisoma jina lako kwenye msalaba."

"Wameandika vizuri?"

"Waliruka herufi moja."

Mbaluka akatikisa kichwa, akaomba kipande kingine.

Kocha wa Zombe, timu pinzani, alilalamika kabla ya mechi kwamba picha kwenye kadi ya golikipa imefifia. Refa aliishika kadi karibu na uso wa Mbaluka, akaridhika. Kocha akauliza kuhusu hilo jambo lingine. Refa akasema sheria inamkataza mwenye kadi nyekundu, aliyevaa hereni, na aliyesajiliwa na timu mbili. Mengine hayakuwa yameandikwa.

Kambu walishinda moja bila. Dakika za mwisho Mbaluka alidaka penalti. Alipoanguka, vumbi halikuruka.

Kombe lilitolewa na Bwana Kaloki, mwenye malori ya kubeba mchanga. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, sahani ya chizi mapajani. Aliinuka na kipaza sauti mkononi, akaanza kuwavisha wachezaji medali mmoja mmoja. Alipofika kwa Mbaluka, Mbaluka hakuinamisha kichwa.

"Lori lako lilikuwa na taa moja," alisema.

"Hiyo nilimwambia dereva abadilishe."

"Hakuwa dereva. Ulikuwa wewe."

Kaloki alifikiri kidogo. "Ni kweli," alisema. "Nilikuwa nimechelewa." Akamvisha medali.

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Walisikia hadi wale waliokuwa wakiuza vitunguu kando ya lami. Nthenya alifuta mikono kwenye leso akamwendea sajini wa polisi aliyekuwa akitazama mechi.

"Afande, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, mama."

"Basi andika."

"Kuandika ni kule stesheni. Jumatatu. Na huyu aje na kitambulisho."

"Kitambulisho chake mlikichukua nilipoenda kutafuta cheti cha kifo."

"Na Jumatatu hakuna mechi," Mbaluka alisema.

Nthenya aliwageukia watu. Kocha wa Kambu alikuwa akihesabu mipira mipya ambayo Kaloki alikuwa ameleta. Wengine walikuwa wakikung'uta suruali. Hani peke yake ndiye aliyesogea.

"Mimi nimesikia," alisema. "Niandike mimi."

"Wewe lori uliliona likigonga?"

"Sikuliona."

"Sasa niandike nini?" sajini alisema kwa upole.

Mafuta yalipopoa, Mbaluka aliaga akarudi alikotoka.

Jumatatu Nthenya na Hani walienda stesheni. Walipewa benchi, wakasikilizwa. Faili ilitolewa. Ndani yake iliandikwa lori halikujulikana, na ilikuwa imefungwa mwezi wa nne. Afisa wa mezani alieleza kwamba kuifungua kunahitaji mtu aliyeshuhudia ajali. Aliyeshuhudia ni marehemu. Akawaandikia tarehe ya kurudi, na waliporudi wakaandikiwa nyingine.

Msimu mpya ulipoanza, Nthenya alikaa siku tatu akiwaza asikaange tena. Hakutaka mkono wake umlishe Kaloki. Lakini bila karai hakukuwa na harufu, na bila harufu mumewe hangekuja. Siku ya nne alimwambia Hani amwekee maziwa lita kumi.

Jumamosi hiyo alikuja na Mbithe. Mbaluka alipotokea alimpakata binti yake, wakala chizi pamoja kwenye gazeti moja, na Mbithe akamsomea maneno yaliyokuwa hayajalowa mafuta. Kutoka kiti cha mbele, Bwana Kaloki aligeuka akawapungia mkono. Mbithe, ambaye amefunzwa adabu, akampungia pia.